Mkeka Ulioinuliwa Haraka

Inala, Queensland, Australia
4 Novemba 2012

Dada yangu mpendwa Lagisolia,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa thelathini na nane tangu uniage gatini na kunikabidhi kikapu cha magimbi ambayo maofisa wa bandari waliyatupa baharini. Nimeishi ugenini muda mrefu kuliko nilioishi kwetu. Hata hivyo nikiota, naota niko Vaisulu, na katika ndoto zangu bado ni kijana mwenye meno yote.

Najua barua zangu husomwa mbele ya watu wote baada ya sala ya jioni, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu.

Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya watoto, wanawake walikuwa jikoni kanisani wakipika tambi za sapasui na wali wa kakao. Hapa hatuchimbi tanuri la mawe. Majirani walilalamikia moshi, manispaa ikatukataza, basi tunatumia majiko ya gesi ya miguu mitatu. Jiko moja lilikuwa jipya, limenunuliwa wiki ile ile dukani kwa Muliufi, mtoto wa mzee Falaniko. Vali yake ilikuwa na kasoro. Gesi ilitoka pasipopaswa kutoka, moto ukapanda. Mjukuu wako Fuatino, ninayekaa naye hapa, ndiye aliyekuwa akikoroga sufuria. Ameungua mkono wa kulia. Madaktari wa hapa ni hodari, na mkono utapona.

Siku chache baadaye, alfajiri, Muliufi alikuja na mkewe, shemeji zake na mchungaji wao. Aliinama kwenye saruji mbele ya nyumba yangu, akafunikwa mkeka wa familia yao kichwa hadi miguu, wengine wakaketi nyuma yake bila kusema neno. Niliwaona dirishani, nikaenda kuvaa shati safi. Sasa sikiliza. Jirani yangu Wicks alitoka kuchukua gazeti. Akaona mtu kafunikwa, na watu wameinamisha vichwa. Akapiga simu ya gari la wagonjwa, kisha akanipazia sauti juu ya ua: "Amekufa nani, rafiki yangu?"

"Hakuna aliyekufa. Anaomba radhi."

"Si angebisha hodi tu?"

Niliuinua mkeka kabla gari halijafika. Nilimshika Muliufi mkono, akalia, tukaingia ndani tukanywa chai. Wale wa gari la wagonjwa nao walipewa chai. Shauri limekwisha.

Chane za mkadi za kusukia mkeka ulizomtumia Fuatino zimefika salama. Anakushukuru.

Mdogo wako,
Aperamo


Vaisulu, Savai'i, Samoa
16 Desemba 2012

Mdogo wangu Aperamo,

Barua yako ilisomwa mara mbili, mara ya pili kwa sababu mzee Setu wa ukoo wetu alisinzia katikati na akadai tumemruka.

Niliposikia neno moto, moyo ulinishuka. Lakini niliposikia kwamba mkeka uliinuliwa hata jua halijachomoza, nikatulia. Nilijua jeraha ni dogo. Unakumbuka Baba alivyowaacha wale watu wa ng'ambo ya mto wameinama mpaka adhuhuri, kwa ajili ya mguu wa Ioane. Mama alitaka kuwapelekea maji, Baba akamwambia, "Maji watakunywa mguu ukipata haki yake." Sisi tunapima kidonda kwa jua. Wewe hukuliacha hata lipande, basi usiku ule nililala usingizi.

Mzee Falaniko alikuja hapa kwetu na nguruwe, akakushukuru mbele ya baraza. Alisema, "Aperamo kaishi na wazungu mpaka nywele zimekwisha, lakini hajasahau." Watu walicheka, nami nikajivuna kidogo. Mungu anisamehe.

Kuna jambo jingine. Ukoo umekubaliana kwamba cheo cha Baba cha ukuu wa ukoo kikusubiri wewe. Hawakulazimishwa. Ukimaliza mambo yako ya pensheni, urudi, tukuvishe. Nyumba tutaiezeka upya.

Mwambie Fuatino chane zile ni za mikadi aliyopanda mama yake. Aanze mkeka wake sasa akiwa na miaka kumi na tisa, ataumaliza akiwa na watoto. Zikikaa sana bila kusukwa zitakakamaa. Niambie umefika wapi.

Dada yako,
Lagisolia


Inala
2 Juni 2014

Dada yangu Lagisolia,

Mwaka wa arobaini unakaribia. Nisamehe kwa kunyamaza. Ninasoma sana siku hizi, maktaba iko karibu, na mtu wa umri wangu akifungua kitabu hakuna anayemuuliza kwa nini hazungumzi.

Unauliza mkeka wa Fuatino umefika wapi. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, na chane hukatika zikisukwa katika baridi. Avute subira kidogo.

Ananisaidia sana nyumbani. Chuo cha uuguzi amekisimamisha kwa muda.

Na wewe niambie, nani anapalilia kaburi la Baba? Ile nafasi kando yake, upande wa ukuta, bado iko wazi? Usiwaachie wajukuu wa Setu wafunge ng'ombe pale.

Mdogo wako,
Aperamo


Ofisi ya Mawakili, Ipswich
20 Julai 2015

Kwa Bwana Aperamo,

Bi. Fuatino ameniomba nikuandikie wewe. Nilimweleza kwamba yeye ni mtu mzima na madai ni yake. Alinijibu kwamba hatasaini chochote bila neno lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyeinua mkeka. Nakiri kwamba ilinichukua mazungumzo marefu kuelewa ni mkeka gani.

Naomba uelewe mambo yafuatayo. Sheria ya jimbo hili humpa mtu aliyeumia miaka mitatu ya kufungua madai. Muda wake unaisha tarehe 13 Oktoba mwaka huu. Bi. Fuatino ananiambia kuwa ndugu yenu wa Sydney alikueleza kwamba miaka hiyo huweza kuhesabiwa tangu mtu atambue kilichomuumiza. Hiyo ni sheria ya jimbo jirani, na jiko halikulipukia huko.

Sheria ya kuwalinda wanunuzi inasema kwamba mtu akiingiza bidhaa kutoka nje, na aliyeiunda hana ofisi nchini, basi mwingizaji huhesabiwa kuwa ndiye aliyeiunda. Bwana Muliufi aliagiza majiko yale mwenyewe. Hatulazimiki kuonyesha kwamba alizembea. Inatosha kuonyesha kwamba jiko halikuwa salama. Hata hivyo mlipaji atakuwa kampuni yake ya bima, wala si nyumba yake.

Kuhusu kuinama kwake: mahakama za jimbo hili hazichukui kuomba radhi kuwa ushahidi wa kosa. Sheria hiyo ilitungwa ili watu waweze kusema pole bila kuogopa. Kwa macho ya sheria, alfajiri ile haikubadilisha chochote.

Bima wamemkataza Bwana Muliufi kuzungumza nanyi. Akikaidi, wanaweza kukataa kumlipia. Tafadhali nanyi msizungumze naye.

Daktari wa mikono ameandika kwamba vidole vinaweza kufunguliwa kwa upasuaji na mazoezi ya muda mrefu, lakini kadiri vinavyokaa vimekunjwa ndivyo uwezekano unavyopungua. Foleni ya hospitali ya umma haina tarehe. Misaada ya serikali hastahili, kwa sababu ya aina ya viza aliyo nayo. Sioni njia nyingine.

Wako,
M. Hanrahan, Wakili


Inala
28 Julai 2015

Kwa Bi. Hanrahan,

Asante kwa barua yenye maneno yasiyozunguka. Nilifundisha shule miaka mingi, najua ugumu wa kuandika hivyo.

Unasema alfajiri ile haikubadilisha chochote. Kwetu, alfajiri ile ilikuwa kesi, hukumu, na mwisho wa hukumu. Mtu anayeinama chini ya mkeka hasemi pole kama asemavyo aliyekukanyaga dukani. Analeta shingo yake. Zamani aliweza kukatwa hapo hapo, na kila aliyekuja alilijua hilo. Anayeinua mkeka anatamka mbele ya pande zote mbili kwamba hatadai kingine, yeye wala watoto wake.

Sheria yenu imemfanya Muliufi aweze kuinama bila kuogopa mahakama. Ni sheria njema. Lakini haikufikiria aliyeinua. Mimi ndiye niliyefungwa.

Niliuinua haraka. Hilo nitalibeba mwenyewe. Siwezi kuushusha tena.

Nasikitika kukukatalia.

Aperamo


Inala
5 Oktoba 2015

Kwa Bi. Hanrahan,

Tutakuja Alhamisi asubuhi. Fuatino atasaini, na nitakuwa naye.

Tafadhali usiniulize ni nini kilichobadilika. Ukiniuliza itanibidi nikujibu.

Aperamo


Vaisulu
6 Desemba 2015

Aperamo,

Nimekaa siku nyingi kabla ya kuandika.

Habari imefika hapa kwa midomo ya watu kabla ya barua yako. Nimesubiri barua yako, haikuja. Shemeji wa Muliufi alimpigia simu mzee Falaniko, akamwambia, "Mwanao ameshtakiwa na yule yule aliyeinua mkeka wake." Falaniko alilipeleka barazani. Alisimama kwa fimbo yake, hakutukana, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, "Nguruwe wangu walimla. Machozi ya mwanangu waliyapokea. Sasa wanataka na duka lake."

Nilikuwa nimeketi nyuma na wanawake. Nilitamani ardhi inimeze. Wakaniuliza kama nina la kusema, nikasema, "Mdogo wangu ana akili. Lazima ipo sababu." Mmoja akauliza, "Sababu ipi, mama? Binti si ameungua kidogo tu?" Hilo wewe hukuniambia.

Baraza limeamua. Huruhusiwi kukanyaga Vaisulu. Cheo cha Baba wamempa mtoto wa Setu, yule asiyeweza kutoa hotuba bila kusoma kwenye kiganja. Alivishwa wiki iliyopita. Mimi nilipika.

Tangu utoto tulifundishwa kwamba kaka hamtii dada yake aibuni. Ulikuwa huketi hata kwenye mkeka wangu. Leo umeushusha mkeka uliouinua kwa mkono wako, kwa ajili ya kidonda kidogo, na hukuniandikia hata mstari.

Sitauliza tena habari za chane. Zirudishe.

Lagisolia


Inala
14 Februari 2016

Bibi yangu Lagisolia,

Shikamoo Bibi. Mwandiko huu mbaya ni wangu. Naandika kwa mkono wa kushoto, na hata huo kidole chake kimoja hakisikii vizuri. Usiisome hii mbele ya watu, tafadhali.

Nilikuta barua yako mezani. Babu alikuwa ameisoma akaifunika kwa sahani, kana kwamba ingeruka. Sikupaswa kuisoma. Nimeisoma.

Bibi, kidonda si kidogo. Moto ulinipata mikono yote miwili, shingo, na upande wa kidevu. Nilikaa hospitali mpaka baada ya Krismasi. Walitoa ngozi pajani wakaipandikiza mikononi. Ule wa kulia vidole vitatu vimejikunja ndani ya kiganja na vimeshikana na ngozi, havifunguki. Chuo nilikiacha kwa sababu siwezi kushika sindano. Siwezi kufunga kifungo. Babu ndiye anayenichana nywele asubuhi, na huzifunga kama mtu anayefunga gunia la nazi, halafu anarudi nyuma anatazama na kusema, "Umependeza." Naenda hivyo hivyo kanisani. Wasichana wananicheka, nami nacheka.

Alikuficha kwa sababu aliona haya. Siku ile mkeka ulipoinuliwa mimi nilikuwa bado mahututi. Hakuwa amekuuliza wewe. Aliinua kwa sababu jirani alikuwa ameita gari la wagonjwa, na Babu hakutaka wageni wamkute Muliufi katika hali ile, wao wenyewe wamvue mkeka wakidhani ni maiti. Alimwonea huruma. Ukaandika kwamba ulilala usingizi kwa sababu mkeka uliinuliwa mapema. Tangu siku ile alishindwa kukuambia kweli.

Chane ziko chini ya kitanda chake, zimefungwa kwenye shuka. Nilizipata nikifagia. Baridi haikuhusika, Bibi. Inala hakuna baridi ya kukata chane.

Sijui kwa nini alibadili mawazo akaniambia nisaini. Nilimuuliza. Alisema, "Nitakuambia mambo yakiisha." Alitoka kufua nguo siku moja, akarudi na nguo mbichi, hakuzikausha, akakaa barazani mpaka giza. Kesho yake akasema tuende kwa wakili.

Usimkasirikie peke yake. Mkono ni wangu. Aliyesaini ni mimi.

Mjukuu wako,
Fuatino


Vaisulu
3 Aprili 2016

Mdogo wangu Aperamo,

Barua ya mtoto nimeisoma peke yangu, jikoni, mlango umefungwa. Setu aligonga akauliza kuna nini, nikamwambia nachambua samaki.

Mjinga wewe. Tena mjinga mwenye vitabu. Ungeniambia, ningekuja mwenyewe nikaukalia ule mkeka wa Muliufi mpaka jua lizame.

Na mimi nilikuficha. Nilipokuandikia Desemba sikuwa Vaisulu. Siku ya pili baada ya kumvisha mtoto wa Setu, baraza lilitutoa sote wa nyumba ya Baba, nikaenda kukaa kwa binti yangu, nikiandika "Vaisulu" juu ya karatasi kwa kiburi tu. Pasaka tumerudishwa, baada ya kutoa faini ya nguruwe na mikeka yetu mitatu mikubwa. Adhabu iliyobaki ni yako peke yako.

Sasa sikia. Nimekwenda mwenyewe kwa Falaniko. Nilimweleza habari ya mikono ya Fuatino. Alilia, Aperamo. Yule mzee mgumu alilia, akafuta macho kwa ncha ya shati. Kisha akasema, "Mtoto nimemhurumia. Lakini neno ni neno. Aperamo aje, ainame mbele ya nyumba yangu, aseme madai yale yalikuwa kosa. Sitaliacha jua limfike mgongoni. Nitamwinua mwenyewe, na njia yake itafunguka."

Ni jambo la dakika chache. Mkeka nitaushika mimi. Nafasi kando ya Baba iko wazi, nimepanda maua pembeni ili wasifunge ng'ombe. Mimi ni mzee, kifua changu kinakoroma usiku. Nataka nikuone ukitembea kwenye njia ile nikiwa bado naona.

Njoo nyumbani.

Dada yako,
Lagisolia


Inala
23 Oktoba 2016

Dada yangu mpendwa Lagisolia,

Mwaka wa arobaini na mbili umetimia mwezi uliopita. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa shauri lilikuwa bado halijafungwa, na niliyo nayo ya kusema yangeweza kulivunja. Limefungwa mwezi huu bila kufika mbele ya hakimu. Bima wamekubali kulipa. Sasa naweza kukuambia, wewe peke yako. Hii nayo uisome jikoni.

Nilipomkatalia wakili, sikuwa na nia ya kubadilika. Nilikuwa na huzuni, lakini moyo wangu ulikuwa umetulia, kama mtu aliyeshika kamba na anajua hataiachia. Kila asubuhi nilimchana Fuatino nywele na kujiambia kwamba neno la familia yake nalo ni mali yake.

Mwishoni mwa Septemba nilikwenda kwenye duka la kufulia. Nilikuwa nimeketi mbele ya mashine ikizunguka. Mtu akaingia, akaketi kiti cha pili kutoka kwangu, bila nguo yoyote ya kufua. Alikuwa Muliufi. Hakunitazama. Aliitazama mashine.

"Wee mashine," akasema, "nimekatazwa kuzungumza na mzee mmoja wa Vaisulu, mkaidi kuliko punda. Kwa hiyo naongea na wewe."

Nikahesabu sarafu zangu.

"Tangu nifungue duka nalipa bima. Kila mwaka nalipa. Sijawahi kuwaomba hata kalenda. Leo kazi yao imefika, na yule mzee hataki kuwapelekea."

Nami nikaitazama mashine. Nikasema, "Mwambie huyo bwana kwamba mzee aliuinua mkeka."

"Mashine, mwambie najua. Mimi ndiye niliyekuwa chini. Nilisikia harufu ya ule mkeka, bibi yangu aliusuka. Bima waliniambia nisitoke nyumbani, nisiseme pole, nisipeleke hata maua. Nikaenda. Niliinama kwa ajili ya mikono ya yule binti. Sikuinama ili aikose mara ya pili."

Dada, niliyatazama mapovu. Akaendelea, sauti imeshuka.

"Wanasema kwa sheria mimi ndiye niliyeyaunda yale majiko. Mimi, mashine. Kiti cha kwangu kikilegea mguu namwita fundi, leo nimekuwa kiwanda." Akacheka, kisha akaacha. "Basi na iwe hivyo. Kama mimi ndiye niliyeliunda, nishtakiwe kama aliyeliunda. Ni wiki mbili tu zimebaki. Mwambie mzee anishtaki."

"Na baba yako?" nikauliza. Hapo nilisahau kuongea na mashine.

"Baba asijue kamwe. Akijua mwanawe aliomba kushtakiwa, ataona kwamba alisimama barazani kushukuru kwa kitu ambacho mwanawe mwenyewe alikitupa. Atakufa na hilo. Na bima wakijua nimeketi hapa, watajitoa. Aibu hii, Mzee, sina wa kumpa ila wewe. Utaibeba?"

Nilimwambia nitaibeba. Alisimama, akaweka kiganja chake juu ya mashine kama mtu anayebariki mtoto, akatoka. Nilichukua nguo zikiwa mbichi nikaenda nyumbani. Hiyo ndiyo siku ambayo Fuatino alikuandikia habari zake.

Basi utaona kwamba mkeka haukushushwa. Aliyekuwa chini yake ndiye aliyenirudishia neno langu. Sijui kama wazee wetu waliwahi kuona jambo la namna hiyo. Nimefikiri mwaka mzima na bado sijui. Lakini usiku nalala.

Muliufi duka amelifunga. Bima hawakumpa mkataba mwingine, na bila bima hakuna anayempangishia. Anaendesha lori la mchanga. Tukikutana kanisani anakaa safu ya mbele yangu na hatusalimiani, kwa kuwa watu wanatutazama. Jumapili iliyopita alidondosha kitabu cha nyimbo, nikamwokotea. Alisema, "Asante, mashine." Nilicheka katikati ya sala.

Sasa ombi la mzee Falaniko. Nimeliweka mezani kwa miezi sita, na kila nilipoligeuza lilibaki vile vile. Ni ombi jema la mtu mwema, wala siogopi kuinama. Goti langu la kushoto ndilo bovu, la kulia bado linakubali. Lakini lazima niseme madai yalikuwa kosa. Nikisema hivyo nitakuwa nimesema uongo mbele ya kaburi la Baba, na Fuatino atasikia. Atajua kwamba babu yake aliinunua njia ya kurudi kwao kwa kuiita haki ya mikono yake kosa. Na nikikataa kusema hivyo, nitaulizwa sababu. Sababu nimeipokea kwa ahadi. Nikiitoa, Falaniko atakuwa mzee aliyeaibishwa mbele ya baraza lake na mwanawe mwenyewe, ambaye hakutenda ila wema. Ningerudi nyumbani juu ya mgongo wa mmoja wao. Nimetafuta njia ya tatu. Hata vitabuni sikuiona.

Ndiyo maana nakuomba unyamaze. Mzee Falaniko akikuuliza, mwambie Aperamo ni mkaidi. Ataamini bila shida.

Fuatino alifanyiwa upasuaji wa kwanza mwezi Agosti, kwa fedha ambazo bima waliziachia kabla shauri halijafungwa. Kidole cha shahada kimenyooka. Cha kati kimefika nusu, na mama wa mazoezi anasema kitaendelea. Uuguzi hataurudia. Amejiandikisha kusomea kazi ya huyo mama wa mazoezi, ya kuwafundisha watu kutumia mikono yao upya. Anasema wagonjwa hawatamdanganya kwamba inauma.

Juzi alizitoa chane chini ya kitanda changu. Zilikuwa zimekakamaa kama ulivyosema. Alizilowesha, akazikwangua kwa gamba la kombe jinsi ulivyomfundisha, akaanza. Mstari wa kwanza umepinda kama njia ya kwenda mtoni. Nilimuuliza kama ataufumua. Aliniambia, "Hapana, Babu. Atakayeufunua siku moja aone nilianzia wapi." Kwa hiyo sikurudishii chane. Zina kazi.

Wewe njoo. Fuatino ameshaulizia nauli na viza, na anasema kifua chako kitafurahia hewa ya huku. Njoo umchane nywele, maana mimi nimeshindwa, na uketi kwenye kiti cha barazani umtishe Wicks. Hukuwahi kupanda ndege. Utaogopa dakika chache tu.

Ile nafasi kando ya Baba, upande wa ukuta, usiiache wazi kwa ajili yangu. Mlazeni Setu wakati wake ukifika. Alimpenda Baba, na atapata mahali pazuri pa kusinzia. Maua uliyopanda yaache.

Mimi sitarudi Vaisulu.

Mdogo wako,
Aperamo